Nyumba ya Nta Haivuki Mto

Jumatatu, 3 Aprili 1905

Leo wamehesabu mpaka banda la kuku!

Chande, karani wa kodi, kaja na askari wawili, kalamu nyuma ya sikio. Hodi hakupiga. Kauzunguka ua mzima akinyoosha kidole. Nyumba ninayolala mimi – moja. Nyumba ya mwanangu Sharifa na mumewe Daimu – mbili. Hizo sawa, sibishi. Kisha kidole kikaenda kwenye banda tunamochemshia nta. "Tatu." Nikamwambia humo halali mtu, humo unalala moshi. Akauliza, lina paa? Lina. Basi nyumba. Ghala la masega – nyumba. Na kuku nao wakawa na nyumba! Nikamuuliza kama jogoo atapewa cheti chake mwenyewe. Askari mmoja alicheka. Chande hakucheka.

Halafu akauliza watu wangapi wanafanya kazi hapa. Na mimi na mdomo wangu huu! Kwa majivuno nikajibu: kumi na mmoja. Wanawake wanane wa kukamua, wanaume wawili wa kupanda kwenye mizinga kule Ruhuwiko, na Longino anayekaa motoni. Nilitaka aone kwamba mjane naye anaweza. Akaandika pole pole. Akasema watu kumi na mmoja si kazi ya mjane tena, ni kampani. Na kampani ina kodi yake, mbali na ya nyumba.

Mbali! Hilo neno kampani sijawahi kulila wala kulivaa, leo nalilipia.

Nta imejaa ghalani tangu masika hayajaanza. Misafara haiji. Wakala wa tajiri wa Lindi anasema Ulaya hawaitaki mwaka huu, bei imeanguka. Wameamua kukaa gizani bila mishumaa huko Ulaya?

Naandika tarehe ya Kizungu kwa sababu kodi inahesabiwa Kizungu. Herufi ni za Kiarabu, marehemu mume wangu Kassimu alinichorea kwa mkaa juu ya ungo, mimi ambaye sikukaa chuo cha Kurani hata asubuhi moja. Chande anajua za Wadachi tu, mabwana zake Wajerumani. Kwa hiyo naandika kwa raha yangu: Chande, mbwa wewe.

Alhamisi, 6 Aprili

Daimu anataka tuhame!

Kwetu Wayao mkwe mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Ndiyo adabu. Basi yeye alikaa nje ya wigo wa matete, mimi ndani, na Longino mlangoni katikati, anatafuna muhogo. Longino ni Mngoni wa Maposeni, mtani wangu, na ndiye anayebeba maneno yetu tangu ndoa ilipofungwa.

"Longino, mwambie mama, ng'ambo ya Ruvuma kwa Mreno hakuna kodi ya biashara. Tuihamishie nyumba ya nta huko."

"Mama, kwa Mreno moto ni bure."

"Mwambie huyo mume wa mwanangu, na nyuki je? Atawafunga kamba awaswage kama mbuzi?"

"Kaka Daimu, mama anasema wazo amelipenda, ila anauliza habari za nyuki."

"Sijasema nimelipenda!"

"Anasema hajasema amelipenda."

Sharifa alikuwa anamchana nywele Biasha, mjukuu wangu. Akasema bila kuinua kichwa: "Mama, nyuki wapo kila penye maua. Hiki kidole cha Chande hakipo kila mahali."

Ulimi wangu huo. Nimeuzaa mwenyewe.

Nikawaambia hakuna kuhama bila kaka yangu Bakili. Kwetu mwanamume anakuja kuishi kwa mke, hamkunji mke kama mkeka akaondoka naye. Wanawake wa tumbo moja ni mbumba, na mlinzi wa mbumba ni kaka yao. Bakili yuko Nakapanya, mwendo wa siku kumi na mbili. Nikasema aitwe. Bakili hajawahi kunikatalia kitu tangu tunagombania mifupa ya kuku.

Ijumaa, 7 Aprili

Hasira bado. Nimevunja kibuyu. Biasha kauliza nani kakivunja. Nikamwambia Mdachi.

Jumanne, 18 Aprili

Muuza tumbaku wa njia panda amefunga. Asubuhi mlango wake ulikuwa wazi, ndani hakuna kitu, hata kinu kaondoka nacho. Wanasema amevuka. Hilo ni duka la tatu tangu mwezi wa Ramadhani. Nani atabaki kulipa hiyo kodi, vyura?

Chande kapita njiani, kasimama, eti ananipa shauri la bure. Fukuza watu wawili, watatu, kampani itakufa yenyewe, utabaki mjane unayejichemshia nta. Kodi itapungua.

Nikarudi bandani nikawatazama wanawake wangu wanane. Wamefunga masega yaliyochemka ndani ya gunia, wawili huku, wawili kule, wanalisokota kwa miti mpaka nta inatiririka ya dhahabu. Nimfukuze nani? Otilia ana watoto wanne na mume wake alipelekwa pwani kubeba mizigo, hakurudi. Aurelia ana jicho moja na mikono ya watu watatu. Nani?

Sijui nani aliwapenyezea habari. Otilia akafuta mikono, akaja kunipigia magoti. "Bi Mwanne, nitoe mimi. Nitauza kuni."

Nikainua mwiko. Nikasema atakayejitoa mwenyewe namkoroga pamoja na nta! Wakacheka. Otilia alicheka huku analia. Mimi nikaenda nyuma ya ghala kugombeza kuku.

Jumanne, 9 Mei

Bakili kafika. Kakonda, miguu imepasuka. Nimempikia jogoo – yule mwenye nyumba.

Kala kwanza. Kisha kanisaliti.

Anasema Nakapanya maduka mawili yamevuka na wenyewe wanatuma salamu. Anasema huu si mwaka mmoja mbaya, dada, hawa watu wanaongeza kila mwaka, na tajiri wa Lindi anashusha kila mwaka, wewe uko katikati kama sega ndani ya gunia. Wanalisokota huku, wanalisokota kule. Kitatoka nini?

Nikamuuliza amekuja kunilinda au kuniuza. Akasema: "Dada, ningekuwa nakuuza ningekuja na kamba."

Nilimsikia Daimu nyuma ya wigo anapumua kwa furaha. Mwanamume mzuri yule. Hanywi, hapigi, anamwogesha mtoto. Ndiyo maana nimemkasirikia zaidi. Angekuwa mshenzi ningemfukuza zamani.

Limebaki jambo moja: unga.

Alhamisi, 11 Mei

Hatuondoki Wayao kwa safari kubwa bila kuwauliza wazee. Unamimina unga wa mtama chini ya mti wa msolo, pole pole kwa vidole, unajijenga kama kichuguu kidogo. Unaufunika kwa chungu kipya. Kesho yake unafunua. Umesimama – nendeni. Umemomonyoka – kaeni.

Mwalimu wa msikitini kasikia, kaja kusema hiyo ni shirki. Bakili akamwambia, basi tusomee Fatiha juu yake. Mwalimu kafikiri. Kasoma. Mkewe amepewa kibaba cha unga uliobaki.

Bakili alimimina, akawaita wazee kwa majina, wa kwao mama wote, na mwisho akamwita mama yetu. Nilitazama pembeni. Unga ulisimama umechongoka kama pembe ya paa. Sharifa alishangilia, hata mizigo ameanza kufunga. Masufuria mawili ya shaba, nguzo za nyumba ya nta, yamefungiwa miti tayari kwa mabega.

Ijumaa, 12 Mei

Niliamka kabla ya adhana nikaenda kuchota maji.

Uongo. Mtungi niliubeba tu.

Nikakiinua chungu. Umesimama! Vile vile, hata mchwa hakuugusa. Wazee wamesema nendeni. Nilisimama pale na mtungi mtupu kichwani. Kisha nikaupiga kidole – hiki hiki kinachoshika kalamu. Ukamwagika upande mmoja. Nikafunika.

Jua lilipotoka tukaenda wote. Bakili akafunua. Daimu kakaa chini palepale kwenye umande kama mtu aliyeambiwa msiba. Sharifa alinitazama. Nikatazama unga.

"Basi," kasema Bakili. "Wamekataa."

Wamefungua mizigo. Nimepika wali na nazi ya mwisho, na hakuna aliyeula vizuri.

Humu naweza kusema. Mto ule nimeuvuka mara moja, mgongoni mwa mama, tukiwakimbia washika watumwa. Bakili alikuwa hajazaliwa, hajui kitu. Tulioingia majini tulikuwa saba. Mama alipanda ukingoni na mimi na mjomba mmoja. Sijawahi kumwambia mtu ni nini nilikiona. Siuvuki tena na simvushi Biasha.

Na kwa nini nihame mimi? Ahame Chande! Kaburi la Kassimu liko hapa. Mizinga yangu iko hapa. Wanawake wangu wanane watavuka na nani? Nani kamwambia Mdachi hii ni nyumba yake na mimi ndiye mgeni?

Sijuti.

Jumapili, 14 Mei

Bakili karudi Nakapanya. Kanishika mikono yote miwili, kanipa pole. Kwa nini pole? Kasema nilikuwa nataka kwenda ila sikutaka kuonyesha. Kaka yangu mpumbavu. Nimemfungia asali na kumtukana mpaka njia panda.

Jumatatu, 22 Mei

Siku ya kodi. Mungu awalaani – astaghfirullah – hapana, awalaani.

Bomani wanapokea rupia tu. Nta hawaitaki, mahindi hawayataki. Basi wilaya nzima inatoa mzigo wake siku moja kwa wakala mmoja. Foleni ya mikate ya nta, ya mpira, ya tumbaku, mpaka kwenye kijito. Na wakala amekaa kitini anajipepea, kila saa bei inateremka, kwa sababu anajua hakuna anayeweza kurudi na mzigo nyumbani. Asubuhi mkate wa nta ulikuwa na bei ya nguo. Adhuhuri ulikuwa na bei ya sindano. Mwenye kodi na mwenye bei hawajaambiana kitu, lakini wanakula sahani moja.

Nyumba zote tano nimelipia, hata ile ya kuku. Ya kampani haikutimia. Nusu tu.

Chande akasema asiyetimiza atafanya kazi ya barabara mpaka itimie. Nikanyoosha mikono. "Haya, nifungeni! Kampani ni yangu, jina ni langu!" Akasema mwanamke hapasui mawe. Nyumba ina mwanamume? Ina.

Wamemchukua Daimu palepale. Hakubisha. Alimpa Sharifa kofia yake isipotee.

Kumbe kusifiwa kwa kampani ni kwangu, kupasua mawe ni kwa mkwe wangu! Nilisema maneno bomani ambayo sitayaandika hata kwa Kiarabu. Watu walinivuta.

Njiani kurudi Sharifa hakulia. Tulipofika mlangoni ndipo akasema: "Unga ulisema tukae, mama. Tumekaa."

Jumanne, 23 Mei

Sijalala. Siandiki.

Jumapili, 4 Juni

Nimempelekea Daimu ugali na kisamvu. Wako kwenye mteremko wa barabara ya mashariki, wanapasua mawe, watu thelathini au zaidi. Nusu yao nawajua. Yule msusi wa mikeka. Yule mfua majembe, hata jembe lake moja hawanunui siku hizi, majembe ya Ulaya yamejaa – sasa anashika nyundo ya serikali.

Tulikuwa hatuna Longino. Nikampa Daimu mgongo. Nikamwambia askari: mwambie huyo chakula chake hiki. Askari akasema yeye si mkalimani wa ukoo wetu.

Kisha nikamsikia Daimu: "Ewe jiwe, mwambie mama nashukuru."

Nikakitazama kikapu. "Ewe kikapu, mwambie ale kabla hakijapoa."

"Ewe jiwe, mwambie mama asijilaumu kwa ajili ya hiyo kampani. Unga ulijua. Huenda mamba wangetumaliza wote. Huku angalau napumua."

Anakohoa. Vumbi la mawe limemwingia kifuani. Kwa kila jiwe kikohozi kimoja.

Nilitaka kugeuka. Wallahi nilitaka kugeuka nimtazame usoni nimwambie, adabu ife. Nikasema: "Ewe kikapu, mwambie anyamaze ale."

Jumatano, 14 Juni

Asali imeiva Ruhuwiko. Mizinga imejaa mwaka huu kuliko miaka yote. Nyuki hawajui habari za Ulaya. Tumechemsha, tumekamua, tumemimina mikate kwenye mabakuli, imetoka laini kama shavu la Biasha. Na hakuna wa kumuuzia. Wakala kaenda Lindi, hajasema atarudi lini.

Wanawake nawalipa asali na mahindi. Hawalalamiki. Ningefurahi mmoja alalamike.

Alhamisi, 20 Julai

Longino katoka kwao Maposeni na maneno. Anasema watu wananong'ona kuna mganga huko mashariki ana maji. Ukiyanywa au ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inakuwa maji. Wazee wa kwao wanataka kujua zaidi.

Nikamuuliza yeye anasemaje.

"Mtani, mimi nimeungua na nta miaka minne. Kila nikiungua mnanimwagia maji. Tazama mikono yangu."

Tumecheka sana. Kisha akasema: "Lakini hata mimi ningekunywa. Kuliko kukaa tu."

Daimu bado. Chande anasema siku za kazi zinahesabiwa, lakini chakula cha bomani nacho kinahesabiwa, na kinakatwa. Nikamwambia ni mimi ninayemlisha! Akasema hilo halimo kwenye karatasi.

Jumanne, 29 Agosti

Kumeharibika.

Habari zimekuja waziwazi sasa, si minong'ono. Kule Matumbi na Liwale ni vita. Maduka yamechomwa. Askari wanaongezwa bomani, wanajenga ukuta. Na hawa wa barabara – Otilia kasikia, kaja mbio hata kitambaa kimemwanguka – hawa wa barabara watapelekwa keshokutwa na mizigo ya bunduki kwenda huko. Wabebe tu, waende mbele.

Otilia hakuhitaji kumalizia. Mume wake alikwenda hivyo hivyo.

Sharifa alisimama katikati ya ua. Hakusema unga.

Nimeyatazama masufuria yangu ya shaba. Kassimu aliyanunua Kilwa akayabeba kwa miguu mpaka hapa, mimi nikiwa na mimba ya Sharifa. Bila hayo hakuna nyumba ya nta. Kwenye vyungu vya udongo nta inaungua, inakuwa nyeusi, hainunuliwi.

Shaba siku hizi ina mnunuzi. Kwa vita kila kitu kigumu kina mnunuzi.

Jumatano, 30 Agosti

Nimeyauza. Fundi wa bomani kachukua yote mawili. Longino na Aurelia waliyabeba, mimi nilitembea nyuma kama mfiwa.

Rupia ziko kwenye upindo wa khanga, moja kwa moja mpaka kwa Chande. Nikamwambia: hizi za kampani, zilizobaki zote. Na andika, kampani imekufa leo. Akaandika. Akasema lakini ikifa Agosti, kodi ni ya mwaka mzima vile vile. Na mwakani, kama yale mabanda yatakuwa bado yana mapaa –

Nikamwambia mwakani nitaezua mapaa yote nilale na nyota, na nyota nazo azihesabu!

Akapokea fedha. Jicho lake lilikuwa kwenye ukuta unaojengwa, si kwenye rupia. Naye anaogopa. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 31 Agosti

Daimu yuko nyumbani. Sharifa alimwogesha nyuma ya nyumba, nikasikia anahesabu mbavu zake kwa sauti ili Biasha acheke. Biasha hakucheka, alimshika baba yake mguu mpaka akasinzia.

Anakohoa mfululizo.

Nimewaita wanawake, nikawagawia mikate ya nta yote, kila mmoja aone mwenyewe la kufanya nayo. Longino anakwenda kwao, wamemwita, wanaume wote wanaitwa. Kaniaga vizuri. "Shikamoo, mtani. Ukifika kwa Mreno usiwatukane siku ya kwanza. Subiri ya pili." Nikamwambia asinywe maji ya mtu asiyemjua. Akasema atafikiri. Nimemfunga kitambaa mikononi, palipoungua. Sikumwachia haraka.

Ndiyo. Kwa Mreno. Sharifa kasema tunavuka keshokutwa na mimi sikubisha. Nimekubali kwa mdomo wangu: nitavuka. Nitaingia kwenye mto ule na macho yangu nitayafumba. Hapa hakuna nyumba ya nta tena ya kuhama wala kubaki. Tuko watu wanne tu, na kikohozi.

Jumamosi, 2 Septemba

Asubuhi. Ngoma Maposeni zinasikika mpaka huku. Haraka.

Tulikuwa tunafunga mizigo, Sharifa kaja na kibaba cha unga wa mtama mkononi. Alikuwa mpole, sikumwona mpole hivyo tangu Mei. "Mama, mjomba Bakili hayupo. Wewe ndiye mkubwa. Tumiminie. Hakuna muda wa kulaza, tutautazama kabla ya jua kupanda. Daimu haondoki bila unga, unamjua. Anasema ule wa kwanza ulituokoa."

Nikapokea. Nikapiga magoti chini ya msolo. Wakafungua viganja, Sharifa na Biasha. Daimu nyuma ya wigo.

Mkono ulikataa. Niliwaita wazee mpaka nikafika kwa mama na jina lake halikutoka. Nikaurudisha unga ndani ya kibaba.

Nikamwambia. Kwa sauti, na yule wa nyuma ya wigo asikie, sikutaka mtu wa kubeba maneno. Ule unga ulisimama. Ulisimama vizuri. Niliuvunja mimi.

Daimu akaacha kukohoa. Sijui aliwezaje.

Sharifa hakuuliza kwa nini. Nilikuwa na maneno yote ya mto tayari, miaka hamsini tayari, na hakuuliza. Alimwinua Biasha, akamfuta unga magotini, akamweka kando. Akachukua kibaba kutoka mkononi mwangu. Akamimina unga kwenye mfuko wa chakula, wote, mpaka akakung'uta.

Sasa anafunga mizigo. Mimi nimekaa kwenye kizingiti, naandika ili mikono iwe na kazi. Huu wa kwanza ni wa chakula. Wa pili nguo za mtoto na mkeka. Wa tatu shoka na nyavu za Daimu, anaukaza kwa goti, meno yameuma kamba. Nguo zangu bado ziko juu ya kigoda, nimezikunja mwenyewe alfajiri.

Mizigo mitatu. Kamba moja, ya mzigo wa nne, imebaki chini, kati ya Sharifa na mimi. Biasha anatutazama, huku na huku.

Sharifa hajainama. Na mimi sijainama.